Uwanja Tulioukanyaga kwa Furaha

2 Septemba

Leo wamevunja lami mbele ya baa yangu. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi tangu mashine ilipoanza kunguruma mpaka mafundi walipokwenda kula, kahawa ikapoa bila kunywewa. Nilitoka ili nipate la kulalamikia. Badala yake nikaona udongo. Mweusi, wenye unyevu, umelala chini ya lami ile tangu nikiwa msichana, na ndani yake nyungunyungu mnene anajivuta kama mtu aliyeamshwa mapema.

Hervé akaja kusimama kando yangu. Ndiye meya wetu. Tulikaa dawati moja shuleni na mpaka leo hajui kufunga tai.

"Alikuwa anakula nini miaka yote hii?" akaniuliza.

"Ahadi zenu za uchaguzi."

Alicheka, nami nikacheka, lakini wote wawili tulikuwa tunanong'ona, sijui kwa nini. Harufu iliyopanda pale ilikuwa ya shamba la baba yangu likishalimwa. Kijiji chetu chote cha Lanrozel kilinuka hivyo mpaka jioni, na watu walipita polepole.

3 Septemba

Daftari hili nimepewa na binti yangu Enora. Alisema niandike humo, niache kumpigia simu kila siku kumsema meya.

Basi niandike ya maana. Uwanja wa kijiji chetu umeinama. Kanisa liko juu, baa yangu iko chini kabisa, na mvua yote inayopiga paa la kanisa, la ofisi ya kijiji na la duka la pembejeo huteremka juu ya lami mpaka kwangu kama wateja wa Jumapili, ila hii hainunui kitu. Mara mbili imeingia ndani. Mwaka jana ilifika kwenye friji, nikateleza, nikavunjika kifundo cha mkono. Hapo Enora akanitaka nitoe neno mbele ya shemeji yangu Fañch: maji yakiingia mara ya tatu, nafunga baa na kuhamia kwake mjini Rennes. Nilikubali, na mimi nikishatoa neno silirudishi.

Niliolewa nikaletwa katika nyumba hii. Mume wangu Youenn alifia chumba cha juu, dirisha likiwa wazi, akisikiliza watu wakibishana chini. Rennes nitakwenda kufanya nini? Nitamwagilia maua ya kwenye roshani.

11 Septemba

Amekuja Clémence, yule mwanamke wa Nantes aliyechora uwanja mpya. Alitandaza michoro juu ya meza zangu mbili, akaibana pembe kwa glasi.

Katikati patachimbwa bonde la kina cha goti. Maji ya mapaa hayataingizwa tena kwenye bomba la chini. Yatapita juu, kwenye mfereji wa mawe, tuyaone. Udongo wote utalegezwa, uchanganywe na kokoto na mboji, uwe na matundu ya kunywea. Kisha mierebi, matete, miti ya kandokando ya mito na yale maua ya njano ya majini.

Fañch alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mkulima mstaafu, na hapana ngoma inayochezwa upande huu wa Bretania bila yeye kuianzisha.

"Kumbe mnatuchimbia bwawa la bata," akasema.

"Bata wakija, mzee, tutawakaribisha."

"Mimi nitawakaribisha sufuriani, na viazi."

Nilimwuliza Clémence kama ananihakikishia maji hayataingia kwangu. "Bi Soazig," akasema, "mvua siwezi kuisemea. Ardhi naweza, tukiiacha inywe." Nilipenda kwamba hakusema ndiyo ya haraka.

20 Septemba

Magari hayana pa kuegeshwa. Wateja wananilaumu mimi, kana kwamba nilichimba kwa kijiko changu.

27 Septemba

Manyunyu tu leo, lakini mfereji wa kanisa umefunguliwa. Uzi mwembamba wa maji ulitoka chini ya paa, ukashika njia ya mawe, ukakata kona mbele ya ofisi ya kijiji. Muuza nyama aliufuata. Kasisi akamfuata muuza nyama. Nilipotoka walikuwa watu wazima saba wakitembea nyuma ya maji, wameinamisha vichwa. Maisha yetu yote maji haya yalikuwa yanapita chini ya miguu yetu na hatukuwahi kuyaona yanakwenda wapi. Nami nilifuata. Yalifika bondeni, yakaingia ardhini, yakaisha. Tulibaki tunatazama pale yalipoishia.

6 Oktoba

Udongo umekamilika. Miche italetwa Novemba, miti ikishapukutisha majani na kulala. Mafundi wamefunga kamba pande zote wakaondoka. Clémence amerudi Nantes kwa kazi nyingine.

13 Oktoba, Jumapili

Siku kama hii sijui niianzie wapi.

Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Walisimama kuizunguka kamba wakiutazama udongo ule mpya, uliopigwa reki vizuri, hauna alama hata ya paka. Fañch alikuwa amevaa viatu vyake vya mbao. Nilipaswa kujua hapo hapo, maana viatu hivyo havitoki kabatini bure.

"Hii ni sakafu mpya," akasema kwa sauti. "Na sakafu mpya inachezewa. Baba alipojenga nyumba, majirani walikuja na viatu vya mbao wakacheza ndani mpaka udongo ukashikana, mama akaweza kufagia. Sakafu ya kupuria nafaka, hivyo hivyo. Leo tumepewa sakafu ya kijiji kizima, nasi tumekodoa macho tu?"

"Na kamba?" mtu akauliza.

Hervé akaishika kamba, akaipima kwa macho. "Hii ni ya kuzuia magari," akasema, na akaifungua mwenyewe.

Wazee walikwenda kuleta viatu vyao vya mbao. Vijana walileta vya babu zao, vingine vikiwa vikubwa mno, wakavijaza majani makavu. Safu ikaanza na watu watano, ikawa ishirini, ikawa kijiji. Walishikana vidole vidogo vya mwisho kama tunavyoshikana ngomani, mikono ikipanda na kushuka pamoja, safu ikijizungusha ndani yake yenyewe. Fañch akitoa mstari, Hervé anaudaka mwishoni na kuurudia. Mwanzoni miguu haikutoa sauti, ardhi ilikuwa laini kama unga unaokandwa. Kisha, kidogo kidogo, ikaanza kujibu. Kufikia wimbo wa tatu ilikuwa inagonga. Kila ilipozidi kugonga ndivyo watu walivyozidi kufurahi, na mimi nilisikia mshindo ule katika mbao za kaunta yangu na katika mifupa ya kifua.

Fañch alikuja mpaka mlangoni, jasho linamtoka, akaninyooshea kidole cha mwisho.

"Shemeji, kidole."

"Nina wateja."

"Wateja wako wote wako hapa, wanakusubiri."

Sikuwa nimecheza tangu tumzike Youenn. Nilimpa kidole. Nilicheza mbele ya mlango wangu mwenyewe, nimeshikwa na shemeji upande mmoja na muuza nyama upande wa pili, na nililia bila kujificha, kwa sababu sikujua kama bado tunaweza kuwa kitu kimoja namna ile. Tulipomaliza uwanja ulikuwa unang'aa kama meza iliyopakwa nta. Niligawa mvinyo wa tufaha wa bure, jambo ambalo watu watalitaja kwenye mazishi yangu.

14 Oktoba

Clémence amefika. Alishuka kwenye gari akasimama. Kisha akaomba ndoo ya maji.

Aliyamwaga katikati ya uwanja. Yalisimama. Tuliyatazama, Hervé, Fañch na mimi, kama watoto walioitwa na mwalimu. Yalisimama pale, yanameta, kisha yakaanza kuteremka taratibu kuelekea baa yangu.

"Gari gani limepita hapa?" akauliza Clémence.

"Hakuna gari," Hervé akasema. "Tulicheza."

"Mlicheza."

"Kidogo," akasema Fañch. "Mchana tu. Na jioni."

Alichuchumaa, akagonga ardhi kwa kifundo cha kidole, ikalia. "Nimeshindilia udongo kwa mashine za tani kumi," akasema, "haukuwahi kushikana hivi." Alianza kucheka, na kicheko kikakatika njiani, akajifuta macho. Akatueleza: matundu yote ya kunywea tumeyafunga. Uwanja sasa ni mbaya kuliko lami. Kuleta mashine upya haiwezekani kabla ya Januari. Mafundi wako kwingine, na udongo ukilowa haushikiki.

Mvua zetu hazisubiri Januari. Hilo hakuna aliyelazimika kulisema.

Fañch alikuja ndani baadaye kunywa glasi yake ya kawaida. Nilimwambia, "Umenifungia baa kwa miguu yako." Aliweka glasi chini, haikuwa hata nusu, akatoka. Najua, nami nilicheza. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

15 Oktoba

Fañch hakuja.

19 Oktoba

Fañch hakuja. Glasi yake iko rafuni.

25 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Bonde lilijaa haraka, likabaki limejaa, na maji yaliyobaki yakaja kwangu. Hervé alileta viroba vya mchanga kwa toroli, tukapanga viwili viwili. Yalifika kwenye kizingiti, yakagusa kiroba cha chini, mvua ikakoma. Enora alipiga simu. Nikamwambia sakafu ni kavu, na ilikuwa kavu.

"Sauti yako si kavu, Mama," akasema.

Huyu mtoto yuko mbioni kunihamisha tangu baba yake afe. Nadhani ameshachagua rangi ya pazia.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Nilipeleka maua kaburini kwa Youenn. Nilikuta mengine, meupe, yamepangwa vizuri kuliko yangu. Fañch alikuwa ameshaondoka.

4 Novemba

Nimeamshwa na mlio. Wa chuma ukiingia ardhini, kimya, kisha tena. Kulikuwa kumepambazuka, ukungu mpaka kiunoni. Nilifungua dirisha la chumba cha Youenn, nikamwona Fañch peke yake uwanjani na uma wake wa kuchimbia viazi. Anaukita, anaupanda kwa mguu, anautikisa kidogo mpaka ardhi inapasuka bila kugeuka, anauchomoa, anarudi nyuma hatua moja. Alikuwa anatembea kinyumenyume, asikanyage alipokwishafungua. Ana miaka themanini. Nyuma yake palikuwa na uwanja mzima bado mgumu, mbele yake kipande alichokwishafungua, cha ukubwa wa meza ya biliadi.

Nilishuka na kahawa. Sikujua niseme nini, nikasema, "Utaumwa mgongo."

"Unaniuma tayari."

"Clémence amekuonyesha?"

"Nilimpigia simu. Akasema isigeuzwe, ipasuliwe tu, na mtu arudi nyuma." Alikunywa. "Nikamwambia, mama, hiyo ni ngoma. Nitaijua."

Nilikaa kizingitini nikimtazama mpaka wateja wa kwanza walipokuja. Kuna watu unaishi nao miaka hamsini ukidhani umemaliza kuwajua.

9 Novemba, Jumamosi

Wote wamekuja. Hakuna aliyeitwa. Walikuja na uma zao, za viazi, za samadi, za bustani, nyingine mipini yake imefungwa kwa waya. Clémence alifika kutoka Nantes akiwa na mifuko ya mboji kwenye gari lake dogo mpaka kwenye kiti cha mbele, akashindwa kushuka, tukacheka, tukamtoa.

Tulijipanga safu moja iliyokata uwanja chini ya ukuta wa kanisa, uso ukitazama kanisa, migongo ikielekea mlango wangu. Fañch akaanza kuimba. Hervé akapokea. Uma chini kwa mstari wa kwanza, tikisa kwa wa pili, chomoa, nyuma. Safu nzima ikarudi nyuma pamoja. Ilikuwa ngoma ile ile ya Oktoba, tukiicheza kwa kinyume, na ardhi iliyokuwa inagonga ikaanza kunyamaza. Wimbo baada ya wimbo ikawa inameza sauti, mpaka tukawa hatusikii ila pumzi zetu. Sikuwahi kufurahia ukimya namna hiyo.

Kipande cha mwisho, kile cha mbele ya mlango wangu, nilikifungua mimi mwenyewe na kifundo changu kibovu, nikiingia ndani kwa mgongo. Juu karibu na kanisa Clémence aliacha duara moja gumu. "Hapo ni penu," akamwambia Fañch. "Chezeni mpaka mchoke. Huku kwingine, mzee, ukiinua mguu nitauona kutoka Nantes."

Nilimwekea glasi yake. Aliimaliza.

11 Novemba

Sherehe ya kumbukumbu kwenye mnara wa vita. Hervé alisoma majina, sote tuna tope mpaka magotini, hata bendera ilikuwa na tope. Hakuna aliyeona aibu.

16 Novemba

Tumepanda. Miche ni fimbo tu, haina jani hata moja. Mbele ya baa yangu iko mitatu. Nimeambiwa itanipita kimo kabla sijafa. Nimewaambia wasiiharakishe.

21 Novemba

Idara ya hali ya hewa imetoa tahadhari ya rangi ya machungwa, ya pili kwa ukali, kwa Jumamosi. Jioni Enora akafika, gari limejaa maboksi. Yamekwishaandikwa kwa kalamu nene: Glasi. Picha za Baba. Nguo za Mama.

"Maji hayajaingia," nikamwambia.

"Yataingia Jumamosi. Umeiona ile ramani ya mvua?"

"Una haraka kweli ya kunizika kwenye roshani."

Alikaa juu ya boksi. Akasema mwaka jana nilipoteleza nilikuwa naongea naye kwenye simu. Alisikia simu ikianguka majini, baada ya hapo hakusikia kitu. Aliendesha gari kutoka Rennes mpaka hapa akiamini anakuja kuniokota. "Sitaki baa yako, Mama. Sitaki kuisikia ile simu tena, basi."

Hili sikulijua. Mwaka mzima nimekuwa nikimwona kama mtu wa kunihamisha, kumbe ni mtu anayeogopa. Tulipanga viroba pamoja.

23 Novemba, Jumamosi

Mvua ilianza kabla hatujafungua milango na haikupumua. Si matone, ilikuwa maji yanayoshuka. Kufikia saa ya kahawa ya pili mfereji wa kanisa ulikuwa unanguruma, umebeba majani, matawi, hata kofia ya mtu. Watu wakaanza kuja mmoja mmoja, wakajipanga chini ya upenu wa baa yangu: Hervé, muuza nyama, kasisi, Clémence aliyelala kwa Hervé ili aione. Fañch alisimama mwisho wa safu akishika uma, sijui alitaka kuipiga mvua nao.

Bonde likajaa. Maji yakapanda ukingoni, ya rangi ya chai ya maziwa, yakamwagika kuja kwetu, mapana, taratibu, yanametameta. Yakazipita fimbo za miche. Enora alinishika mkono. Hatua tano. Nne. Nilikuwa nimeshaanza kuaga: kaunta, ngazi, dirisha la juu.

Yakafika kwenye kile kipande nilichokifungua mimi. Na hapo yakasita.

Nikaona viputo. Kimoja, kisha kumi, kisha ardhi yote mbele yangu ikaanza kutoa viputo vidogo vidogo, maelfu, vikipanda na kupasuka. Ilikuwa hewa, ikitoka kwenye matundu tuliyoyatoboa, ikiyapisha maji yaingie. Katikati ya kelele zote za mvua niliisikia sauti yake, ya kunyonya, ya mtoto mwenye njaa. Mvua iliendelea vile vile. Maji hayakusogea. Yalikuja na kuja kutoka kanisani, nayo ardhi ikanywa na kunywa, wala hayakukiona kiroba cha kwanza.

Fañch alivua kofia, akaiweka kifuani, mvua ikimpiga kichwani. Clémence alikuwa na mikono mdomoni. Yeye aliyeyachora haya yote alikuwa anatazama kama mtu asiyejua mwisho wake. Nimeishi miaka sitini na nane nikitembea juu ya kitu hiki, nikikisafisha viatuni, nikikifagia nje, nikikiita uchafu. Nilipiga magoti kizingitini nikaweka kiganja juu yake. Ardhi ilikuwa inatetemeka.

"Mama," Enora akasema, "sakafu ni kavu."

Nililia kwa sauti. Muuza nyama pia, ingawa atakataa.

24 Novemba, Jumapili

Bonde limepungua mpaka kwenye kifundo cha mguu. Bata wawili wamekuja. Fañch amewatazama sana, akauliza habari za viazi, kisha akawatupia mkate.

Baada ya misa Clémence aliomba makaratasi magumu. Miche inahitaji matandazo: boksi lililofunguliwa linalazwa chini, vibanzi vya mbao vinamwagwa juu, magugu yasipate mwanga, na mvua yenyewe italila boksi taratibu. Watu wakaenda kutafuta majumbani. Enora alipanda juu. Alishuka na maboksi yake yote, akachukua kisu changu cha mkate, akaanza kuyapasua kwenye mikunjo.

Lile la Nguo za Mama limelala chini ya mche wa kati, karibu na mlango, maandishi yakiwa juu. Alimwaga vibanzi kwa koleo mpaka herufi ya mwisho ikafunikwa. Kisha akaniuliza kama kuna kahawa.

Jioni hii mvua imeanza tena, nzito. Hervé ameshavirudisha viroba stoo. Nimekaa juu, mezani, naisikia inapiga vigae, na sijainuka kwenda kuuangalia mlango.